Zamu ya Pipa

Asubuhi ile Joyeuse alipokawia kuamka, mama yake, Mwadi, alimpiga mwiko mara mbili, kwa sababu ilikuwa zamu yao ya pipa, na zamu ya pipa haimngoji mtu.

"Wee Joyeuse! Jua inapanda, wee ungali unalala kama bibi ya mudirekta? Mayi nani ataleta?"

"Mama, miguu inakataa."

"Miguu inakataa! Miguu iko na kinywa? Simama!"

Joyeuse alikuwa na miaka tisa, na kuchota maji ya nyumba ilikuwa kazi yake. Alishika ukuta, akainuka, na Mwadi akaona kwamba visigino vya mtoto havigusi chini. Alisimama kwa vidole kama mtu anayetaka kuchungulia juu ya ua, magoti yanatetemeka na kugongana. Alipiga hatua moja. Mguu wa kulia ulipita mbele ya wa kushoto kama mkasi, akaanguka. Hakulia. Aliitazama miguu yake kama kitu cha jirani kilicholetwa kwao kwa makosa.

"Inauma?"

"Hapana."

"Ulianguka jana ku mayi?"

"Hapana, mama. Jana nilikuwa muzima. Shi uliniona?"

Mwadi alijaribu kuikunja ile miguu. Ilikuwa migumu kama mchi. Akamfunika mtoto kitenge, akamwambia Shekina, mdogo wake wa miaka minne, akae karibu naye. Halafu alichukua besani yake ya mihogo, akaiweka kichwani, akatoka. Usimseme vibaya kwanza. Kama angekosa zamu ile, angengoja siku nne zingine, na ndani ya nyumba kulibaki unga wa siku chache tu.

*

Kijiji chao, Kamalenge, kiko nyuma ya mgodi wa Mutoshi. Zamani kila mama alikuwa na shimo lake pembeni ya mto, anaweka mihogo yake humo, anafunika majani, anaweka jiwe juu, anakwenda zake. Siku ya nne au ya tano anarudi, mihogo imelainika, inanuka vile inavyopaswa kunuka. Halafu watu wa kuosha mawe ya madini walikuja kukaa juu ya mto. Maji yalishuka mekundu, mazito, na mihogo ikatoka na utelezi ambao hata moto haukuutoa. Mwaka uleule uzio wa kampuni ya madini ulizunguka mashamba ya mahindi. Kilichobaki ni mihogo michungu ya mashamba ya zamani kule kilimani, ile ambayo hata nguruwe wa porini hawaichimbui.

Mihogo ya namna ile lazima ilale ndani ya maji. Na maji safi yalikuwa kwenye robine moja, bomba la kampuni, saa nzima kwa miguu, yanabebwa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki. Mama Kalumba alikuwa na pipa la bluu lililokuwa la mafuta ya kula. Nyumba nne zikakaa chini siku moja: nyumba ya Mama Kalumba, ya Mamie, ya Tshiela na ya Mwadi. Wakapatana. Kila nyumba siku moja na usiku wake. Hakuna chifu, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, hakuna wa kunyimwa. Mpango ulikuwa mzuri hivi kwamba padri angeusikia angeuhubiri misani.

Kwa siku moja mihogo hailainiki. Basi walijifunza kuikata vipande vidogo, kuilaza siku ile moja, kuianika, kuitwanga. Unga ulitoka mweupe. Bukari, ugali wa unga ule, ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi. Watoto walilalamika wiki mbili, halafu wakazoea.

*

Kwa Mama Kalumba, Mamie alikuwa anatoa mihogo yake ndani ya pipa, mikono imezama mpaka kwapani.

"Mwadi, umechelewa! Nilitaka kuacha yangu ilale tena, nikasema hapana, batasema Mamie iko mwizi ya pipa."

"Joyeuse haamuke. Anasema miguu inakataa."

"Miguu ya batoto ya leo!" Mamie alicheka. "Ya batoto yangu inakataaka kila siku ya kuosha masahani. Siku ya musiba penye banachinja mbuzi, banakimbia kuniacha."

Mama Kalumba, aliyekuwa mkubwa wao wote, hakucheka. "Umupake mawese yenye moto. Umufunge kitambaa. Pengine ni baridi ya chini. Weka bitu yako, mama, maneno itangoja."

Mwadi aliweka vitu vyake. Alimimina bidoni mbili za maji alizoazima kwa Tshiela, akafunika, akaweka jiwe. Aliporudi nyumbani alimkuta Joyeuse mlangoni. Mtoto alikuwa amejikokota kwa mikono kwenda nje kujisaidia na hakufika. Shekina alisimama pembeni na kopo mkononi, kopo tupu.

"Nilimuletea," Shekina alisema. "Ilikuwa imekwisha kutoka."

"Nyamaza," Mwadi alisema. Alimwosha Joyeuse kwa maji ya kupikia.

*

Nkulu, baba yao, alirudi mchana kutoka Mutoshi. Kila siku alisimama kwenye kizuizi cha barabara pamoja na wanaume wengine, kungoja kama gari la kuchukua vibarua litasimama na mtu atanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Siku ile vidole havikumfikia. Alimsimamisha Joyeuse mara tatu, kama mtu anayejaribu kiti kilichovunjika mguu, na mara tatu akamdaka.

"Nani alikuya hapa?"

"Hakuna."

"Hakuna mutu alimupa kitu ya kukula? Kipande ya muwa, kitu?"

"Nkulu, nani iko na muwa ya kutoa bule hapa kwetu?"

Alikwenda kuazima kinga, baiskeli ya mume wa Tshiela. Ilikuwa ya kupelekea makala, makaa ya kupikia, Kolwezi, na gurudumu la nyuma lilikuwa limefungwa kwa mpira wa ndani. Walimvalisha Joyeuse nguo yake ya Siku ya Mungu, wakamkalisha nyuma. Nkulu alisukuma, Mwadi alishika mgongo wa mtoto. Walipofika kwenye kituo cha afya, nguo ilikuwa nyeusi upande wote wa chini, na mama mmoja aliyekaa kwenye foleni alivuta kitenge chake pembeni ili wasimchafue.

Munganga Badibanga alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Kabla ya kuja Lualaba alifanya kazi miaka mingi upande wa Kasai, kwa wazee wake. Alimgonga Joyeuse kwenye goti kwa ubavu wa mkono. Mguu uliruka juu. Aligonga tena, ukaruka tena. Joyeuse alitabasamu kidogo, maana ilikuwa mara ya kwanza siku ile mguu kutii kitu. Badibanga hakutabasamu.

"Mama, jana mulikula nini?"

"Bukari."

"Na nini?"

"Na sombe."

"Na juzi?"

Mlango wa chumba kile ulikuwa pazia tu, na benchi la wagonjwa lilikuwa nyuma yake. Mwadi alishusha sauti, maana sombe ni majani ya mihogo tu. "Bukari na sombe."

"Samaki, ndakala, maharagi, mwisho ilikuwa lini?"

Nkulu alijibu haraka, "Tunakulaka, munganga. Kwetu tunakulaka muzuri."

"Tata, mi siko mukwe wako. Niambie kweli."

Kwenye benchi mtu alicheka. Nkulu alitazama kofia yake.

"Mwezi ya tano," Mwadi alisema. "Ku matanga ya kaka ya baba yao."

"Ile bukari ni ya mahindi ao ya mihogo?"

"Ya mihogo."

"Ile kali?"

"Ile kali. Ingine haiko."

"Unailazaka mu mayi siku ngapi?"

"Siku moja."

Badibanga aliweka kalamu chini. "Nani alibaambia siku moja?"

"Hakuna mutu. Tulijipangia. Pipa iko moja, tuko nyumba ine. Ni juu kila mutu akule."

Munganga aliisukuma pembeni karatasi aliyokuwa anaandika. Halafu alisema polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mihogo ile ina sumu. Maji ndiyo yanaitoa, siku nne, siku tano. Siku moja inatoa kidogo tu, nyingine inabaki ndani ya unga, na unga ukiwa mweupe si kusema umekuwa safi. Mwenye kula samaki au maharagi, mwili wake unajitetea. Asiye navyo, sumu inashika miguu. Inashika watoto na mama zao kwanza. Mtu analala mzima, anaamka hivi.

"Huko nilitoka, hii magonjwa banaiitaka konzo. Siyo bulozi, tata. Usiende kutafuta mutu."

"Sawa, munganga. Sasa dawa?"

"Dawa haiko."

"Kama ni maneno ya faranga, tutatafuta. Niko na malata ya kufunika nyumba, naweza kuondosha mbili, nauzisha."

"Bakia na malata yako, mvua iko karibu. Nakuambia haiko. Hata umupeleke Kolwezi, hata Lubumbashi. Atatembea na fimbo. Miguu ya zamani hairudie."

Joyeuse alisikia yote. Alikuwa amekaa palepale mezani, anasugua makala kwenye nguo yake kwa kidole.

"Na asikule tena ile unga," Badibanga aliendelea. "Ikimupata mara ya pili inaweza kupanda ku mikono, ku ulimi. Na kama kuko mudogo alibakia ku nyumba, asikule. Na batoto ya majirani. Ikiingia mu nyumba moja, ya pili haiko mbali."

"Sasa bakule nini?" Mwadi aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Badibanga aligeuka kutazama ukutani, palipokuwa na picha kubwa ya rangi: samaki mzima, mayai, avoka, ndizi, kikombe cha maziwa. Chini yake paliandikwa, na Mwadi aliyefika darasa la tano alisoma neno kwa neno: Chakula bora ni haki ya kila mtoto. Alimaliza kusoma, akangoja. Badibanga naye alikuwa amemaliza kutazama.

"Siku ine, mama," alisema. "Hata iwe kidogo. Siku ine."

Halafu aliita wa kufuata.

*

Kesho yake, Jumatano, ilikuwa zamu ya Tshiela. Alipofika na besani yake alimkuta Mwadi amekaa juu ya pipa, kwenye kifuniko, miguu inaning'inia.

"Mwadi, njo nini?"

"Mihogo haitoke. Siku ine."

Tshiela hakuwa mtu wa maneno. Aliweka besani chini, akamwita Mama Kalumba. Mama Kalumba akatoka jikoni, na Mamie, aliyesikia sauti, akaja mbio bila kuitwa. Mwadi aliwaeleza maneno ya munganga kama alivyoyasikia, tangu goti mpaka ulimi. Alieleza vizuri, lakini sauti yake ilikuwa kavu, na mtu anayeomba kwa sauti kavu huonekana anaamuru.

"Njo vile," Mamie alisema. "Mutoto yako anagonjwa, sasa pipa inakuwa yako."

"Sikusema yangu."

"Unakalia juu yake! Kuku anakaliaka mayayi yake, hakaliake ya majirani. Miaka mingapi tunakula mihogo? Bankambo yetu ya zamani bote balikuwa bilema?"

"Bankambo balikuwa banalaza siku ine. Wee unajua."

"Mi najua batoto yangu banatembea."

"Joyeuse alitembea mpaka juzi."

Mama Kalumba alinyoosha mkono. "Mwadi, shuka kwanza. Mpango tuliufanya pamoja. Kila mutu siku yake. Kama kila mutu anakaa juu ya pipa siku ya mutoto yake kugonjwa, hatutakula."

Nkulu alikuwa amesimama nyuma ya ua, anasikia. Alirudi nyumbani. Alipotokea tena alikuwa amembeba Joyeuse mgongoni. Alimteremsha katikati ya uwanja, mbele ya wanawake wale, akamkatia fimbo kwenye ua.

"Tembea, mama," alimwambia binti yake. "Baone."

Joyeuse alitembea. Alikwenda kwa vidole, magoti yanasuguana, miguu inapishana, kitako kinabaki nyuma na fimbo inatangulia. Hatua nne. Kuku walimpisha. Kwenye ya tano alianguka kwa ubavu, na nguo ikapanda, na akaishusha haraka kabla ya kujaribu kuinuka.

"Tena," Nkulu alisema.

"Tata, inatosha," Joyeuse alisema. "Bameona."

Tshiela alifunika mdomo kwa mkono. Mamie alitazama upande wa nyumba yake, ambako watoto wake wawili walikuwa wanafukuzana kuzunguka choo, akawatazama muda mrefu, hasa miguu.

Mama Kalumba ndiye aliyeanza kupiga hesabu, kwa sauti, kwa vidole. Pipa moja likilala siku nne, ni nyumba moja inakula, tatu zinangoja. Wakichanganya wote, kila nyumba itaweka robo ya ile iliyokuwa inaweka. Robo kwa siku nne.

"Robo," Tshiela alirudia.

"Kwangu tuko batu saba," Mamie alisema. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Muzuri. Tutakufa, lakini na miguu yetu. Batatubeba matanga tuko tumenyooka."

Alikuwa wa kwanza kucheka, na wa pekee.

Mwadi alishuka. Walitoa sehemu kubwa ya mihogo yake, kila mmoja akaweka robo yake ndani ya mfuko, na kila mmoja alifunga kamba ya kitambaa chake kwenye mfuko wake ili wasije wakachanganya. Mama Kalumba aliweka jiwe. Pipa lingefunguliwa Siku ya Mungu, Jumapili, baada ya misa.

"Na ile unga iko mu nyumba?" Mamie aliuliza wakati wa kuondoka. Hakumtazama mtu. "Ile tumekwisha kutwanga?"

Kila mama alirudi kwake, na kila mmoja alikuwa na unga ule.

*

Siku ya kwanza walikula sombe tupu na chumvi. Siku ya pili walikula sombe tupu, na chumvi ilikuwa imekwisha. Mwadi alifunga gunia la unga kwa waya akalitundika juu ya kitanda, na kila mtu aliyeingia ndani alilitazama kabla ya kutazama kitu kingine.

Ijumaa asubuhi Nkulu aliondoka kwa miguu kwenda Kapata, kwa dada yake mkubwa aliyekaa bado kwenye nyumba ya kampuni ya marehemu mume wake. Alikwenda kuomba maharagi. Alivaa shati la kazi, akalivua, akavaa la misa, akalivua, akarudia la kazi.

"Nikivaa muzuri atasema siko na shida," alisema. "Nikivaa mubaya atasema ninamuletea haya mbele ya majirani."

"Vaa ile ya kazi," Mwadi alisema.

Saa sita hakuwa amerudi. Saa nane pia. Shekina alilia asubuhi, akanyamaza saa tano, akalala chini mlangoni na mdomo wazi. Kutoka nyumba ya Mamie moshi ulipanda. Mwadi aliutazama. Baadaye alisikia mwiko ukipiga ndani ya chungu, ule mlio mzito wa bukari inayosongwa, na alijua kwamba sombe haitoi mlio ule. Hakwenda kusema. Angekwenda kusema nini?

Joyeuse alikuwa amekaa kwenye mkeka, fimbo kando yake.

"Mama."

"Mm."

"Mi unipe ile unga."

Mwadi hakugeuka. "Munganga alikataza."

"Alikataza juu ya miguu. Yangu imekwisha kufa. Haiwezi kufa mara mbili."

"Alisema mikono. Alisema ulimi."

"Alisema inaweza. Hakusema itafanya." Alingoja kidogo. "Kidogo tu, mama. Njaa inaniuma, miguu hainiume."

Mwadi alikaa. Alifikiri neno la munganga, inaweza, akaligeuza huku na huku kama mtu anayegeuza nguo ya mtumba kutafuta mahali isipochanika. Alifikiri kwamba Nkulu angetokea sasa hivi kwenye kona na mfuko begani. Alitazama kona. Halafu alipanda juu ya kitanda, akafungua waya, akachota kikombe kimoja, si kilichojaa. Akawasha moto. Alisonga bukari ndogo kama ngumi, akaiweka kwenye sahani, akaisukuma mbele ya Joyeuse bila kumtazama usoni.

Harufu ilimwamsha Shekina. Alikuja kwa miguu yake miwili, mbio, akaanguka magotini mbele ya sahani na kunyoosha mkono.

Joyeuse aliupiga ule mkono. Aliupiga kwa nguvu, kama mtu mzima, akavuta sahani kwenye mapaja yake.

"Wee hapana," alisema, kinywa kimejaa. "Wee uko na miguu. Kesho wee njo utaenda ku mayi."